Kinachonguruma Bombani

Jumatatu, 3 Februari 2025. Uriri.

Maji yamekuwa dhaifu. Mfereji wa jikoni unatoa uzi. Si maji, ni uzi! Asubuhi nimeweka sufuria chini yake nikaenda kunyoa. Nimenyoa ndevu zote, na nusu ya unyusi kwa bahati mbaya. Nimerudi, sufuria haijajaa.

Mimi Bichage siogopi maji dhaifu. Mimi ndiye niliyemvuta kiboko mkia kule kisiwani Rusinga mpaka akaomba radhi. Lakini leo Pauline amepiga simu, nami nimepokea nikiwa nimesimama wima kama askari.

Pauline ni mtoto wa dada yangu. Nyumba hii ni yake na bwanake Elvis. Wao wanafanya kazi Homa Bay mjini, mimi huku naitunza. Kutunza nyumba si kazi ndogo. Unaamka, unaangalia kama nyumba ipo. Jioni unaangalia tena.

Amesema mama mkwe wake, mama yake Elvis, amepasuliwa jicho. Daktari amemkataza kuinama. Hakuna beseni, hakuna kuchota. Anataka maji yanayoteremka yenyewe kutoka juu, na jicho lisiguswe na sabuni hata tone. Kwa hiyo analetwa hapa Ijumaa, kwa sababu hapa kuna bafu la kisasa na kuna mjomba injinia. Hayo ya injinia niliyasema mwenyewe siku ya harusi yao. Sikujua watu husikiliza hotuba za harusi.

Kisha akashusha sauti. Hiyo sauti yake ya chini huwatoa watu jasho. Maji yakisumbua, amesema, mgonjwa atapelekwa kwingine, nyumba itapangishwa walimu, na wewe Mjomba utarudi Kosele.

Kosele! Huko shemeji yangu Nyamongo ana kinu cha kusaga mahindi. Nililala nyuma ya injini mwaka mzima. Unga puani, unga kwenye chai, unga kwenye ndoto. Mtoto mmoja wa sokoni aliniona nikitoka kuoga akalia kwamba mzungu amekufa na bado anatembea. Sirudi Kosele. Afadhali kiboko.

Kuna jambo jingine, nalo sijamwambia Pauline. Bomba linanguruma. Ukifungua mfereji, ndani ya ukuta kitu kinasema gruuu. Najua ni nini. Ni yule nyoka wa bomba. Habari zake nilizitoa mimi, kuwatisha watoto wa mtaa wasichezee mifereji yetu. Wakati huo alikuwa na urefu wa mkono. Tangu hapo watu wamemsimulia mpaka sokoni, na juzi nimesikia mama muuza nyanya akisema anapita lori kwa urefu. Sijui nani anamlisha.

Ndiyo maana mwezi uliopita nilipanda mnara wa tangi. Nilipanda kama paka, nikashuka kama gunia. Nilikuwa nimebeba neti ya mbu, ile ya bluu ya kitanda cha wageni, maana wageni hawakuwepo. Nikaikunja mara nne, nikaisokomeza kwenye tundu lile ambapo bomba la nyumba linaanzia. Mkia wake nikauacha uelee ndani ya tangi. Kuku tunawafungia kwa neti, dagaa wa omena wanaanikwa juu ya neti, miche ya sukuma wiki inafunikwa kwa neti. Nyoka atapita wapi?

Kazi hiyo nzuri haihusiani na maji dhaifu. Naiandika tu ili ijulikane.

Jumanne, 4 Februari

Nimeanza uchunguzi. Mfereji wa jikoni, dhaifu. Wa bafuni, dhaifu. Wa sinki la kunawia, dhaifu na unakohoa. Mfereji wa nje kando ya geti, ule unaotoka kwenye laini ya mtaa kabla ya tangi: unaruka kama mbuzi! Umenilowesha suruali mpaka kiunoni. Nikapita hivyo hivyo barabarani, nikiwaambia watu ni jasho la kazi.

Nilikwenda kwa Lynnet mwenye duka la hadwea. Sikwenda kuuliza. Nilikwenda kumpa mtihani. Akasema, huku akipima misumari, kwamba Jaduong', yaani mzee, kama wa nje una nguvu na wa ndani yote ni dhaifu, basi shida iko kati ya tangi na nyumba. Panda uangalie pale bomba linapoanzia. Mara nyingi kuna takataka imeziba.

Nikamwambia pale mahali napajua kama kiganja changu, mimi mwenyewe nimepawekea ulinzi. Akauliza ulinzi gani. Nikasema ni siri ya kitaalamu. Akaacha kupima misumari. Akanitazama. Wateja nao wakanitazama. Mmoja akamwambia mwenzake kitu kwa Kijaluo na wote wakaangalia suruali yangu.

Na kupanda tena! Ule mnara unayumba. Mbao zinalia. Si woga. Ni vile mwili wangu umezoea ardhi.

Badala yake nimefungua kichwa cha mfereji wa jikoni. Ndani kulikuwa na mchanga kidogo na kiduara cha mpira. Mchanga nimeosha. Kiduara nimetupa, maana sikuona kazi yake. Nimerudisha kila kitu na kukaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Sasa ukiufungua, uzi ni ule ule. Ukiufunga, maji yanatoka shingoni na kuruka mpaka dirishani. Hii ni habari njema. Presha ipo, ila imepotea njia.

Jioni nikafungua wa bafuni kupima maendeleo. Ukuta ukasema gruuuu. Nilijikuta getini, sabuni mkononi.

Gisiri alikuwa anapita. Huyu ni jirani yangu, Mkuria, anauza maji kwa mkokoteni wa punda na kujua mambo ya kila nyumba. Akauliza kama namfukuza mtu au nafukuzwa. Nikasema nafanya mazoezi. Akasema hata punda wake hufanya mazoezi ya namna hiyo, akinusa fisi.

Nimelala na taa ikiwaka. Kwa ajili ya kusoma.

Jumatano, 5 Februari

Nimepata jibu. Gisiri!

Nani anafaidi mifereji yetu ikilegea? Muuza maji. Nani anapita kando ya ua wetu kila siku akitabasamu? Muuza maji. Na punda wake amenenepa. Lazima ametoboa bomba letu chini ya ardhi na kulivuta kwake. Fikira hii ilinipa nguvu sana, kwa sababu mwizi hana sumu wala hatambai ukutani.

Nikachukua jembe. Nikaanza kuchimba kutoka kwenye ua, nikifuata bomba, mpaka nikafika chini ya mnara wa tangi. Mtaro mzuri. Waliochimba reli hawakunizidi.

Gisiri akaja, akakaa juu ya jerikani lake tupu na kipande cha muwa, akatazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Akauliza, Injinia, unapanda muhogo au unazika mtu? Nikamwambia natafuta ukweli. Akasema ukweli wa Uriri haujawahi kukaa chini hivyo, mwingi uko sokoni. Nikamwambia wenye hatia huongea sana. Akatema maganda. Akanishauri nisogeze jembe kushoto kidogo, kwa sababu hapo ninapolenga ndipo

Hakumaliza. Nilikuwa nimeshapiga.

Maji yalipanda mpaka usawa wa paa! Nilipiga ukelele. Si wa woga, ulikuwa wa kuita msaada kwa niaba ya bomba. Nililikalia. Nililikumbatia. Nililivalisha shati langu la kazi. Mwishowe Gisiri akaleta kipande cha tyubu ya baiskeli akalifunga, akicheka mpaka punda naye akafungua mdomo.

Sasa mfereji wa nje nao unatoa uzi. Kwa hiyo mifereji yote ya boma hili iko sawa. Hakuna upendeleo tena. Mtaro umebaki na tope la kufika magotini, chini ya mnara. Nitaufukia Jumapili.

Bomba la siri halikuonekana. Amelificha vizuri sana.

Lakini kama si Gisiri, basi ni yule mwingine. Sitaki kumwandika baada ya jua kuchwa.

Alhamisi, 6 Februari

Naandika polepole.

Asubuhi mfereji wa bafuni ulikohoa, ukakoroma, ukatema kitu. Kijani. Laini. Chembamba kama ulimi. Kilianguka kwenye sinki na kulala pale kikinitazama. Hakikuwa na macho, ndiyo, lakini kilinitazama. Nilikibeba kwa koleo nikakirusha nje ya ua. Kuku wa Gisiri alikinusa akaondoka. Kuku anayekula hata betri alikikataa!

Ni dalili. Ameifikia neti. Anailamba.

Nikasema, Bichage, wewe uliyekuwa ukiogelea Rusinga na mamba wakikupisha, leo utashindwa na ngazi? Nikajibu kwamba naweza kushindwa. Lakini nikamkumbuka Nyamongo na injini yake, nikapanda. Macho nimefumba. Nilikuwa na neti yangu mwenyewe, nyeupe, nimeitoa kitandani kwangu. Nikaizamisha, nikaisukuma kwa mti wa ufagio juu ya ile ya kwanza, nikasukuma, nikasukuma, mpaka mti ukagoma. Sikuangalia ndani. Mtu mwenye akili haangalii ndani.

Matokeo: mfereji wa bafuni sasa unatoa machozi. Lakini mngurumo umepungua! Amebanwa.

Pauline alipiga simu. Aliuliza kama nimetundika neti ya chumba cha wageni, kwa sababu mama hawezi kuumwa na mbu katika hali ile. Nikasema neti inaning'inia vizuri. Akauliza, na maji? Nikasema nimeyadhibiti kabisa, hakuna kitu kinachoweza kupita. Yote mawili ni kweli. Mimi ni Msabato, sidanganyi.

Baada ya simu, hofu nyingine. Bafu lenyewe! Dirisha lake liko chini ya mnara wa tangi. Ukiwa juu ya ngazi unaona ndani kama unavyoona sahani. Na mama Elvis ni mkwe. Kwetu Wakisii chinsoni si mchezo: ni ile heshima ya wakwe, hata jina la mkwe siliandiki hapa, na mkono wake siushiki. Ukimwona mkwe wako anaoga, hilo si kosa la kusema samahani. Wazee wanaitwa. Mbuzi anatafutwa. Na hata akishaliwa, watu wanakusimulia miaka yote kwenye matanga. Marehemu baba yangu alikutana na mkwe wake kwenye daraja jembamba, akaruka mtoni. Hakujua kuogelea. Alisema ilikuwa afadhali.

Nikaamua kuweka maji ya akiba, nisilazimike kupanda. Nilimwendea Gisiri. Iliniuma. Akasema maji ya Ijumaa yote yameshaagizwa tangu Jumapili, kwa sababu Wasabato wote wa mtaa huu wanajaza kila chombo kabla jua halijazama. Kisha akamgeukia punda wake akamuuliza kama amesikia, Injinia anaomba maji kwake. Punda hakujibu. Hilo ndilo jambo jema pekee la siku ya leo.

Nalala bila neti. Mbu wa Uriri wanajua jina langu.

Ijumaa, 7 Februari

Jua limezama na Sabato imeingia. Kuandika si kazi kama mtu anaandika akiwa amelala kifudifudi, na mimi siwezi kulala vinginevyo.

Pauline na mama mkwe wake walifika alasiri. Mama Elvis ni mwanamke mrefu, mnene, alikuwa akiuza ndizi kwa lori zima. Jicho moja limefunikwa kwa kifuniko cha plastiki, lile jingine linafanya kazi ya yote mawili. Nikatazama chini kama inavyopasa. Akasema, Baba, nimesikia wewe ndiye injinia, nimetoka Homa Bay na vumbi lote la barabara, siwezi kuingia Sabato hivi, nataka kuoga kabla jua halijalala. Nikaviambia viatu vyangu, ndiyo, mama.

Mtaa mzima ulikuwa unajaza maji. Jerikani zinagongana, watoto wanasuguliwa, suti zinapigwa pasi. Mimi nikajificha nyuma ya jiko nikaomba.

Kwanza maji ya bafuni yalitoka. Nilisikia Pauline akimwambia mama ainue uso juu, amsugue kichwa na mgongo. Akapaka sabuni. Kisha ukuta ukasema gruu. Kisha ukanyamaza.

Kimya kile! Nimesikia vimya vingi, hata vya makaburini. Hicho kilikuwa na povu.

Pauline akaita, Mjomba! Maji! Akaita tena, na sasa haikuwa ile sauti ya chini, ilikuwa ya juu, ya mtoto wa dada yangu alipokuwa mdogo na ng'ombe amemwangusha. Mjomba, povu linateremka kwenye jicho! Nimelizuia na taulo lakini linateremka! Chupa ya maji ya kunywa ikamwagwa ikaisha. Nilikimbilia mfereji wa nje. Uzi. Tyubu ya baiskeli ilikuwa imefura kama chura, na maji yote yanaingia mtaroni.

Nikasimama mbele ya ngazi. Juu, nyoka. Chini ya dirisha, mkwe. Nyuma yangu, Kosele.

Akili ikaja. Nikavua tai yangu ya kanisani, nikajifunga macho.

Kwa hiyo mtu yeyote asiseme sikulinda heshima. Nilipanda ule mnara kipofu! Ngazi inacheza, mbao zinalia. Gisiri alikuwa amefika uani na mkokoteni mtupu, kwa sababu ukelele wowote wa nyumba hii humwita. Akaniambia kutoka chini kwamba hata punda wake angepanda na macho wazi. Nikamwambia punda wake hana wakwe.

Nikafika. Nikafungua kifuniko. Nikaingiza mkono majini, nikanyoosha vidole, nikapapasa.

Kikanigusa.

Kirefu. Laini. Chenye ute. Kikazunguka kifundo cha mkono taratibu, kama mtu anayekujulia hali. Nilivuta, nacho kikavuta!

Sikumbuki nilisema nini. Gisiri anasema nilisema nyoka mara nyingi, kisha nikamwita mama yangu, kisha nikasema zaburi nusu. Nilirusha kichwa nyuma, tai ikateleza, nikaona anga, nikaona paa, nikaona uani. Na uani, kwa kusikia neno nyoka, mama Elvis alikuwa ametoka mbio, leso imefungwa kifuani, povu kichwani mpaka mabegani, Pauline nyuma yake akimshikilia taulo kwenye unyusi.

Nilimwona mkwe.

Mtu mwingine angeshikilia ngazi. Mimi nililelewa. Nikafunika macho yangu kwa mikono yote miwili.

Wakati wa kuanguka niliwaza kuhusu baba na lile daraja.

Tope la mtaro wa Jumatano lilinipokea. Kama nisingechimba pale, leo ningekuwa marehemu. Hilo hakuna aliyelitaja.

Gisiri hakuningoja. Alipanda, akatumbukiza mikono, akaanza kuvuta, mkono baada ya mkono, kama watu wa Rusinga wanavyovuta wavu. Nyeupe ikatoka, imejaa ute wa kijani. Halafu bluu. Akaziinua juu watu wote wazione, na ua ulikuwa umejaa watu na jerikani zao, akauliza samaki hawa wanaitwaje. Na papo hapo ukuta wa bafu ukalia kwa sauti kubwa, maji yakashuka. Yalishuka! Mama Elvis akageuka, akarudi ndani mbio, Pauline naye. Nikasikia maji yakimpiga kama mvua ya Aprili, na Pauline akiuliza linauma, mama, linauma? Mama akasema, haliumi, sabuni haikufika.

Hapo nililia kidogo. Tope lilikuwa limeingia machoni.

Pauline akatoka. Akaiokota ile neti ya bluu. Akaigeuza, akaona kona aliyokuwa ameishona kwa uzi mwekundu. Akanitazama pale mtaroni. Akafungua mdomo.

Na jua likazama. Ndani mama Elvis akaanza wimbo wa kufungua Sabato, na Sabato hairuhusu ugomvi. Pauline akafunga mdomo. Mjomba, akasema, kwa ile sauti ya chini, tutaongea kesho jua likizama.

Jumamosi, 8 Februari. Sabato.

Sijawahi kuipenda Sabato kama leo. Ningependa iwe wiki nzima.

Kanisani nilikaa nyuma, juu ya nyonga moja. Wote wananijulia hali kwa upole, na wote wanauma midomo. Mtoto mmoja aliniuliza kama nyoka wa bluu au mweupe ndiye mkali zaidi. Mamake akamfinya, kisha naye akatoka nje kucheka.

Pauline alinipakulia chakula kizuri cha Sabato. Maharagwe, wali, ndizi. Akatabasamu. Niliogopa tabasamu lile kuliko kitu cha tangini. Mama Elvis anakula chumbani ili tusikutane. Nasikia maji yanaingia kwenye sinki lake kwa nguvu mpaka vikombe vinacheza. Mngurumo umekwisha. Ni wazi kwamba ukelele wangu umemfukuza nyoka. Nangoja mtu aniambie asante.

Alasiri nimemuuliza mchungaji kama Sabato inaweza kuongezwa, kwa wale wanaoihitaji. Akasema hapana. Basi nikaomba nipewe sala ya kufunga. Nikaomba kwa ajili ya kanisa, kaunti, wavuvi, wasafiri, wagonjwa wa macho, mafundi wote wanaosingiziwa, na viboko. Watu walianza kukaa. Mmoja alisema amina mapema, kwa makusudi. Nilifungua jicho moja. Jua liko kwenye mikalatusi.

Naandika haya chooni. Linashuka. Halisikii maombi.

Jumapili, 9 Februari

Nimehukumiwa.

Pauline hakupiga kelele. Alisema jicho lingeharibika, Mjomba. Alisema daktari alisema tone moja tu. Kisha akaangalia ukuta, na mimi nikaangalia ukuta huo huo. Nilitaka kumweleza habari za nyoka, lakini nikachukua jembe nikaenda kuufukia mtaro. Ajabu, kwa mtu kama mimi.

Mama Elvis alituma neno kupitia mlango. Amesema yeye ana jicho moja bovu na hakumwona mtu yeyote juu ya mnara. Kwa hiyo na mtu wa juu ya mnara hakumwona yeye. Mbuzi asitafutwe. Nimesimama upande wa pili wa mlango nikainamisha kichwa, ingawa hakuweza kuniona. Mwanamke mkubwa yule.

Lakini Kosele ni Kosele. Nyumba ataitunza Gisiri, mpaka mama apone. Gisiri! Atafunga punda wake kwenye kivuli changu! Amekuja kunisaidia kubeba sanduku, akasema pole Injinia, na hakucheka, jambo lililonitia hofu zaidi. Kiduara cha mpira cha jikoni ameshanunua kwa Lynnet na kukirudisha. Anajipendekeza.

Pauline amezifua zile neti, amezikausha, amezikunja juu ya sanduku langu pamoja na chapati. Akaniambia ni zangu zote mbili, Kosele kuna mbu. Akanishika bega. Ulale ndani yake, Mjomba. Kitandani. Sema nitalala ndani yake kitandani. Nikasema.

Jumatano, 12 Februari. Kosele.

Unga. Unga kila mahali. Nimepiga chafya mpaka nimesahau ninachoandika.

Nyamongo amenipokea vizuri. Amesema ana imani nami, maana yeye hakuwa Uriri Ijumaa. Leo amesafiri Homa Bay kuangalia mahindi, ameniachia kinu. Foleni ya akina mama na madebe yao imefika mpaka barabarani. Nimewasimulia jinsi nilivyopambana na nyoka ndani ya tangi, mikono mitupu, macho yamefungwa. Sasa anapita lori mbili.

Kuna pipa kubwa la maji kando ya injini. Bomba linatoka kwenye pipa mpaka ndani ya injini, Nyamongo alitaja habari za kupoza joto, mimi nadhani ni ili injini isione kiu. Asubuhi nilikuwa nimelala karibu nalo nikasikia.

Gruuu.

Nywele zote zilisimama, na unga wake. Nilijua mara moja. Bila shaka alitoka Uriri siku ile walipoiondoa neti. Niliwaonya! Amenifuata na lori la mahindi.

Lakini safari hii sikukimbia. Nimejifunza. Kosa la Uriri lilikuwa kukunja mara nne tu. Hapa nimezikunja zote mbili mara nane, nikazisokomeza kwenye mdomo wa bomba ndani ya pipa kwa mwiko wa ugali. Pauline aliniambia neti ni zangu. Pipa ni fupi, hakuna ngazi, hakuna mkwe.

Na imefanya kazi! Pipa limetulia kabisa. Injini imebadilisha sauti, sasa ni nyembamba, ya juu, kama ya kiboko anayeomba radhi. Kuna moshi kidogo na akina mama wanasogea nyuma, kwa heshima nadhani. Hakuna kitakachopita.